Alick Isaacs: Mvumilivu ambaye Hakula Mbivu

Wahenga walituachia msemo kwamba mvumilivu hula mbivu. Walimu huuandika ubaoni, nao wanafunzi huunakili katika insha zao bila ya kuuhoji. Lakini yako maisha ambayo hayakubaliani na msemo huo. Wapo watu waliopanda, wakapalilia, wakavumilia jua na mvua, kisha wakaondoka duniani kabla ya tunda kuiva, na waliokuja kulila wakawa wengine kabisa. Mmoja wao ni Alick Isaacs, tabibu wa Scotland ambaye mwaka 1957, pamoja na mwenzake Jean Lindenmann wa Uswisi, alitangaza ugunduzi wa intaferoni. Hakuna mtafiti wa virusi asiyelijua jina lake. Katika madarasa yetu, hata hivyo, ambamo Jenner, Pasteur na Fleming hutajwa kila muhula, ni nadra kumsikia. Leo nataka kuyasimulia maisha yake, kwa kuwa yana funzo ambalo sisi Wakenya tuliwahi kulilipia kwa bei ghali.

Isaacs alizaliwa tarehe 17 Julai 1921 mjini Glasgow, katika familia ya Kiyahudi ambayo asili yake ilikuwa Lithuania. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow na kuhitimu mwaka 1944, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa bado vinarindima. Hakukaa sana wodini. Alijiunga na idara ya bakteria ya chuo hicho, na mwaka 1947 akaenda Sheffield kuchunguza virusi vya homa ya mafua chini ya Profesa Stuart-Harris. Tangu hapo hadi kufa kwake, kazi yake ikawa ni virusi.

Ili kuielewa kazi hiyo, sharti tukumbuke hali ya tiba ilivyokuwa wakati ule. Penisilini ilikuwa imeanza kuwaokoa watu walioshambuliwa na bakteria. Dhidi ya virusi, daktari hakuwa na dawa yoyote ya kujivunia. Chanjo zilikuwapo kwa maradhi machache, kama vile ndui na homa ya manjano, lakini mtu aliyekwisha kushikwa na mafua, polio au surua aliachiwa mwili wake ujipiganie wenyewe. Wala homa ya mafua haikuwa ugonjwa wa kudharauliwa, kwani mwaka 1918 na 1919 iliua mamilioni ya watu duniani, Afrika Mashariki ikiwemo. Swali lililowasumbua watafiti lilikuwa hili: je, katika siku zile za kwanza za maradhi, kabla mwili haujapata wasaa wa kutengeneza kingamwili, ni silaha gani huutetea?

Mwaka 1948 Isaacs alipata ufadhili wa wakfu wa Rockefeller, akasafiri hadi Melbourne, Australia, kufanya kazi katika taasisi iliyoongozwa na Macfarlane Burnet, mmoja wa mabingwa wakubwa wa virusi katika karne ile. Huko ndiko alikomwoa Susanna Gordon Foss, aliyekuwa daktari pia, mwaka 1949. Huko pia alikutana na fumbo lililomshika na lisimwachilie tena. Ilikuwa imeonekana kwamba mnyama, au hata seli, ikishaingiwa na kirusi cha aina moja, mara nyingi hukataa kuingiwa na kirusi cha aina nyingine. Hata kirusi kilichouawa kiliweza kumzuia mwenzake aliye hai.

Mfano mmoja wa fumbo hilo una asili yake hapa kwetu. Mwaka 1930 na 1931 kondoo walikufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na watafiti waliokuwa Kenya wakautambua ugonjwa mpya ambao leo tunauita Homa ya Bonde la Ufa. Kirusi chake kilipelekwa London. Mwaka 1937 watafiti wawili wa huko, Findlay na MacCallum, walieleza kwamba tumbili waliopewa kirusi hicho cha Naivasha waliweza kustahimili homa ya manjano ambayo kwa kawaida ingewaua. Virusi hivyo viwili si vya jamii moja, na kingamwili za kimoja hazina nguvu juu ya kingine. Nini, basi, kiliwakinga tumbili wale? Kwa takriban miaka 20 hapakuwa na aliyeweza kujibu kwa uhakika.

Isaacs alirejea Uingereza na kuajiriwa katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba iliyokuwa Mill Hill, London. Alihudumu katika Kituo cha Dunia cha Homa ya Mafua, kilichopokea virusi kutoka nchi mbalimbali na kuvilinganisha, ili mabadiliko yake yatambuliwe mapema. Ilikuwa kazi ya kila siku isiyo na sifa nyingi. Hata hivyo, fumbo la Melbourne lilikaa naye.

Mwaka 1956 aliwasili hapo Jean Lindenmann, kijana wa Uswisi aliyekuwa amekuja kwa mwaka mmoja. Wawili hao walikutana wakati wa chai na katika mazungumzo wakagundua kwamba wote walikuwa wakiliwaza fumbo lilo hilo. Waliamua kulishughulikia pamoja. Swali lao la kwanza lilikuwa dogo: je, kirusi kilichouawa kinapozuia, ni ganda lake lililobaki nje ya seli linalofanya kazi hiyo, au ni kitu kinachopenya ndani? Walilitafutia jibu, wakakutana na jambo jingine ambalo hawakulitazamia.

Walichukua virusi vya mafua, wakaviua kwa joto, wakaviweka pamoja na vipande vya utando uliotolewa katika mayai ya kuku yenye viinitete. Baada ya saa kadhaa waliviosha vipande hivyo, wakavitia katika maji mapya yenye chumvi na virutubisho. Siku iliyofuata waliyachukua maji yale peke yake na kuyatia katika chupa yenye vipande vingine vya utando, ambavyo havikuwahi kuguswa na kirusi chochote. Kisha wakaongeza virusi hai. Virusi hivyo vilishindwa kuongezeka. Kando yake ilikuwapo chupa ya pili. Ndani yake mlikuwa na utando wa aina ile ile na virusi vile vile, ila maji yake yalitoka kwa utando ambao haukukutanishwa na virusi vilivyouawa. Humo virusi vilizaana kama kawaida.

Namwomba mwanafunzi aitazame vizuri chupa hiyo ya pili. Lau ingekuwapo ya kwanza peke yake, mtu angeweza kusema kwamba virusi vilikuwa dhaifu siku hiyo, au utando ulikuwa mbovu, au maji yaliharibika. Chupa ya pili ndiyo iliyoyafunga madai hayo yote. Kwa kuwa kila kitu kililingana isipokuwa kimoja, tofauti iliyoonekana haikuwa na pengine pa kutoka. Seli zilizoguswa na kirusi zilikuwa zimetoa kitu katika maji, na kitu hicho ndicho kilichowalinda wenzao. Kwa kuwa kilihusika na uzuiaji, wakakiita intaferoni, na mwaka 1957 wakatoa makala mawili katika jarida la Royal Society ya London.

Msemo wetu kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo waweza kutusaidia kuielewa intaferoni. Intaferoni haimuui adui. Kazi yake ni kuwaamsha majirani. Seli iliyovamiwa, hata kama yenyewe haina tena matumaini, hutoa protini hii, nayo husafiri hadi kwa seli za karibu na kujishika kwenye kuta zao. Seli hizo nazo huanza kutengeneza protini nyingine ambazo huvuruga kazi ya kirusi ya kujinakili. Kirusi kinapofika, hukuta wenyeji wamekesha na milango imekomewa. Ndiyo maana kirusi cha Naivasha kiliweza kuwalinda tumbili na homa ya manjano. Mbiu, ikishapigwa, haimbagui adui.

Ingedhaniwa kwamba ugunduzi wa namna hiyo ungeshangiliwa mara moja. Haikuwa hivyo. Lindenmann alirejea Uswisi, na Isaacs akabaki kuutetea. Wako wanasayansi, hasa Marekani, walioamini kwamba maji yale hayakuwa na kitu kipya, bali mabaki ya virusi tu. Baadhi yao walilibuni jina la kejeli lenye maana kwamba intaferoni ilikuwa tafsiri potofu. Shaka yao haikukosa sababu. Protini yenyewe ilipatikana kwa kiasi kidogo mno, ikiwa imechanganyika na uchafu mwingi, wala hapakuwa na aliyeweza kuitenga na kuionyesha peke yake. Isaacs hakuwajibu kwa matusi. Alishirikiana na mwanakemia Derek Burke katika jitihada za kuisafisha, na kila shaka iliyotolewa akaitafutia jaribio.

Wakati huo huo upande wa pili ulikuwa na pupa. Magazeti yaliandika kuhusu penisilini ya virusi. Mwaka 1960 hata hadithi ya katuni ya Flash Gordon, iliyosomwa sana Marekani, iliwasimulia wasafiri wa anga waliookolewa na intaferoni. Serikali ya Uingereza kupitia baraza lake la utafiti wa tiba iliungana na kampuni za dawa kuiendeleza. Isaacs akajikuta kati ya watu wa aina mbili, wale waliosema kwamba kitu chake hakipo, na wale waliokitaka kiwaponye kesho yake.

Hakukubali kuvutwa na wowote. Ilikuwa imebainika kwamba intaferoni ya kuku haimfai mtu. Kila kiumbe huhitaji ya kwake, au ya kiumbe aliye karibu naye. Kwa hiyo intaferoni ilitengenezwa kwa seli za tumbili, ikadungwa katika ngozi ya watu waliojitolea, kisha wakachanjwa ndui mahali pale pale ili ionekane kama kirusi cha chanjo kitazuiwa. Kila mmoja alichanjwa pia mahali pengine palipodungwa maji yasiyo na intaferoni. Hiyo nayo ilikuwa chupa ya pili, safari hii katika ngozi ya binadamu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1962 yalionyesha kwamba intaferoni ilizuia, lakini mahali ilipodungwa tu. Dawa ya kumponya mgonjwa kitandani ilikuwa bado mbali.

Mwaka 1961 Isaacs alifanywa mkuu wa idara ya virusi huko Mill Hill. Kwa macho ya nje alikuwa mtu aliyefanikiwa. Kwa ndani alikuwa akisumbuliwa na sonona, maradhi ya huzuni nzito yaliyomjia na kumwondokea kwa miaka kadhaa. Si vyema kusema kwamba kejeli za wenzake ndizo zilizomletea ugonjwa huo, kwa maana sonona haina chanzo kimoja. Lakini ni vyema mwanafunzi ajue kwamba akili kali haimkingi mtu na maradhi ya moyo, na kwamba wengi wa wale tunaowaona wakiwa imara hubeba mizigo isiyoonekana. Mwaka 1964 damu ilimvujia ubongoni. Aliponea chupuchupu na kurudi kazini, akiongoza maabara ya intaferoni. Mwaka 1966 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Tarehe 26 Januari 1967 alifariki dunia mjini London akiwa na umri wa miaka 45. Intaferoni ilikuwa bado haijasafishwa, na hapakuwa na hata mgonjwa mmoja aliyeweza kusema kwamba ilikuwa dawa yake ya kawaida.

Mbivu zililiwa na wengine. Kari Cantell wa Finland alizitumia chembechembe nyeupe za damu iliyotolewa na wahisani, akazipa kirusi na kukusanya intaferoni zilizoitoa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya intaferoni iliyotumika katika majaribio ya hospitali duniani ilitoka kwake mjini Helsinki. Mwaka 1980 kundi la Charles Weissmann mjini Zurich lilitangaza kwamba limefaulu kuipachika jeni ya intaferoni ya binadamu ndani ya bakteria, na tangu hapo ikaweza kutengenezwa kwa wingi. Mwaka 1986 Marekani iliidhinisha itumike kutibu aina moja ya saratani ya damu. Baadaye ilitumika kwa ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi vya hepatitisi B na C, na aina nyingine yake ikawafaa wagonjwa wa mfumo wa neva. Haikuwa penisilini ya virusi. Ilikuwa dawa ya maradhi fulani, kwa watu fulani, tena yenye madhara ya kuchosha kama vile homa, uchovu na, jambo la kuhuzunisha tukimkumbuka Isaacs, sonona.

Kuna swali jingine ambalo Isaacs hakuliona likijibiwa. Takriban seli yoyote ya mwili yaweza kupiga mbiu kidogo, lakini ni nani mpiga mbiu mkuu? Mwaka 1958, mwaka mmoja tu baada ya makala yake, Lennert na Remmele wa Ujerumani waliona kwa hadubini seli za ajabu katika tezi za limfu, lakini kazi yake haikujulikana. Ilichukua hadi mwaka 1999 kwa watafiti kuthibitisha kwamba seli za jamii hiyo ndizo zinazotoa intaferoni kwa wingi kuliko zote. Leo huitwa seli za dendriti za plasmasitoidi. Katika damu ni chache mno, hazifiki hata 10 katika kila chembechembe nyeupe 1,000. Ndani yake mna vitambuzi vinavyozijua chembe za urithi za virusi, na zikishazitambua, seli moja yaweza kutoa intaferoni mara mia kadhaa hadi 1,000 kuliko nyingine za damu. Kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajatibiwa, walinzi hawa hupungua.

Hapo ndipo hadithi ya Isaacs inapogusa yetu. Mwaka 1990 Kenya ilitangaziwa Kemron, dawa iliyokuwa na kiasi kidogo sana cha intaferoni ya alfa iliyotumiwa kwa njia ya mdomo, na ambayo watafiti wa taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, waliripoti kuwa imewapa nafuu kubwa wagonjwa wa Ukimwi. Tangazo lilitolewa na Rais mwenyewe. Watu walijawa na furaha na fahari, na wagonjwa walikuja hata kutoka ng'ambo. Nani awezaye kuwalaumu? Maradhi yalikuwa yakimaliza vijiji, na mfa maji hukamata maji. Wala dhana yenyewe haikuwa ya kipuuzi, maadamu intaferoni ni mbiu halisi ya mwili dhidi ya virusi.

Lakini ripoti ile ya kwanza haikuwa na chupa ya pili. Wagonjwa walipewa dawa, wakatazamwa, na hapakuwa na kundi jingine lililofanana nao ambalo halikupewa, ili walinganishwe. Walipofanyiwa majaribio ya aina hiyo, matumaini yaliyeyuka. Jirani zetu wa Uganda waliwagawa wagonjwa zaidi ya 500 katika makundi mawili, moja likapewa intaferoni na lingine kitu kilichofanana nayo kisicho na dawa ndani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 hayakuonyesha kwamba waliopewa intaferoni walinufaika zaidi. Siandiki haya ili kumbeza mtafiti yeyote. Kuuliza swali lile kulikuwa haki ya Waafrika na wajibu wao. Kosa letu lilikuwa kupiga vigelegele kabla ya hesabu kukamilika, na waliolipa gharama ni wagonjwa walioweka imani yao na akiba zao mahali ambapo hapakuwa na uponyaji.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2020, janga la Covid-19 lilipozuka, intaferoni ilirejea tena midomoni mwa watu. Utafiti mmoja wa kimataifa wa mwaka huo ulionyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa 987 waliokuwa mahututi, 101 walikuwa na kingamwili zilizoishambulia intaferoni yao wenyewe. Mbiu yao ilikuwa imezibwa. Ungedhani basi kwamba kuwapa wagonjwa intaferoni kungewaokoa. Shirika la Afya Duniani liliijaribu kwa maelfu ya watu waliolazwa hospitalini, chupa ya pili ikiwapo, likakuta kwamba haikuwasaidia walio wengi. Yamkini mbiu inayopigwa nyumba ikiwa imekwisha kuteketea haina tena wa kumwamsha.

Mwalimu mwenzangu anayefundisha sayansi hana haja ya maabara ya Mill Hill kulifundisha jambo hili. Maharagwe katika makopo mawili yatosha. Aweke mbolea katika moja, asiweke katika lingine, ayape maji sawa na jua sawa, kisha awaachie wanafunzi waseme wanachokiona. Na kila wanapoletewa habari ya dawa mpya, iwe ya mitishamba au ya kiwandani, iwe imetoka Nairobi au Geneva, awazoeze kuuliza swali moja tu: chupa ya pili iko wapi? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, wala si kukosa uzalendo.

Isaacs aliulizwa swali hilo kwa ukali kwa miaka 10, na kila mara alirudi mezani kulijibu. Mbivu hakuzila. Lakini wagonjwa waliotibiwa baadaye kwa intaferoni waliweza kuiamini chupa waliyopewa, kwa sababu yeye na wenzake hawakukubali kuitangaza kabla ya wakati wake.